Kunywa kabla ya kiu: safari ndefu ya baiskeli inavyotufundisha kufanya kazi bila kuanguka

Mwaka juzi nilipoteza sauti. Mtangazaji asiye na sauti ni kama mvuvi asiye na wavu: ziwa liko palepale, samaki wapo, lakini wewe huna kazi.

Hayakuwa mafua. Nilikuwa na kipindi cha asubuhi kinachoanza saa 12, kipindi cha salamu mchana, na kila Jumamosi na Jumapili nilishika kipaza sauti kwenye harusi na kipaimara za watu mpaka usiku wa manane. Nilijisifu kwamba sijui siku ya mapumziko. Jumatatu moja nikafungua kipaza sauti ili niwasalimu, ikatoka pumzi tupu. Fundi mitambo akawahi kuweka wimbo. Daktari akaniambia nyuzi za sauti zimevimba kwa kutumika kupita kiasi, na dawa yake kubwa ni kunyamaza. Nilinyamaza wiki tatu. Na kwa kuwa nalipwa kwa kipindi, wiki tatu zile hazikuniletea hata senti.

Nawaambia haya kwenye makala ya baiskeli kwa sababu somo ambalo hospitali haikunipa nililipata barabarani, kati ya Shinyanga na Mwanza, nikiwa nyuma ya mzee mwenye umri wa baba yangu.

Safari yenyewe

Mzee huyo ni jirani yangu, fundi baiskeli. Ujana wake aliumalizia barabarani akibeba mizigo kwa baiskeli, na mpaka leo kila mwaka mara moja huenda Mwanza kumwona binti yake kwa baiskeli hiyohiyo. Ni takriban kilomita 160. Aliponiona nazurura mtaani bila sauti akasema, "Mwanangu, wewe si huna la kufanya? Twende."

Yeye ana Phoenix ya zamani isiyo na gia, yenye keria nyuma. Mimi niliazima baiskeli nyepesi ya gia. Tuliondoka saa 12 asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nitakula mbele.

Saa nzima ya kwanza nilikuwa mbele. Kila nikigeuka namwona mzee mdogo kama nzi, mwendo wake uleule. Nilijisikia vizuri sana. Karibu na Maganzo, saa mbili hivi tangu tuanze, mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, miguu ikakataa. Nikateremka, nikakaa chini ya mti. Mzee akafika, akaegesha baiskeli taratibu, akatoa kifuko cha matobolwa na karanga na kidumu cha uji.

"Kula," akasema. "Na safari hii utakaa nyuma yangu."

Mambo yafuatayo ndiyo niliyoyaona nikiwa nyuma yake, pamoja na maelezo ya kwa nini yako hivyo. Kila moja nimelitafutia mahali pake kwenye kazi zetu, ya ualimu, ya uuguzi, ya duka au ya cherehani.

Kwanza: mwendo wa asubuhi uwe ule utakaouweza jioni

Kwenye baiskeli, adui mkubwa njia ya tambarare ni hewa yenyewe. Na hewa ina ujanja wake: ukiongeza mwendo mara mbili, haikupingi mara mbili, inakupinga karibu mara nne. Kwa hiyo anayekimbia sana kisha akasimama kuhema anatumia nguvu nyingi kuliko anayekwenda mwendo mmoja, hata kama wote wawili watafika saa ileile. Dakika unazookoa kwa kukimbia ni chache, na nguvu unazolipia ni nyingi.

Baadhi yetu tulifuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, kilima baada ya kilima. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Lakini hesabu iliyonikaa kichwani ni nyingine: walioanza walikuwa zaidi ya 150, waliomaliza 30 tu. Na hao ni watu wanaokula na kulala kwa ajili ya baiskeli. Safari ndefu haikuulizi una kasi gani saa ya kwanza. Inakuuliza umebakiwa na nini saa ya sita.

Sasa itazame kazi. Mwalimu mpya anafika shuleni Januari, anajitolea kwa kila jambo: michezo, chakula cha wanafunzi, masomo ya ziada, ulezi wa mabweni. Kufika Agosti hataki hata kumwona mwanafunzi. Fundi cherehani anapokea vitambaa vyote vinavyoletwa Desemba, kisha siku ya sikukuu wateja wamejaa mlangoni na nguo nusu hazijakatwa. Hawa wote hawakushindwa kwa uvivu. Walianza kwa mwendo usio wao.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Fundi, jiulize: kwa siku moja, bila kukesha, nashona nguo ngapi zikatoka safi? Kama ni 3, basi wiki ya siku 6 ni nguo 18. Mteja wa kumi na tisa mwambie ukweli kwamba nguo yake itakuwa tayari wiki ijayo. Atanuna leo. Lakini yule uliyemdanganya hatarudi kabisa.

Pili: kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu

Hili ndilo kubwa, na ndilo lililoniangusha Maganzo.

Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Ukiufanyisha kazi nzito bila kula, akiba hiyo huisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo mwili unabaki na mafuta yake, lakini mafuta huwaka polepole, hayatoshi kwa mwendo uleule. Ndiyo ile hali ya kutetemeka na miguu kukataa. Ubaya wake ni kwamba ukishafika hapo, hata ukila, chakula kinahitaji muda kufika kwenye misuli.

Kiu nayo huchelewa. Kwenye jua kali na kazi ya jasho, ukianza kuisikia, mwili tayari umepungukiwa. Kwa hiyo wazoefu hawasubiri. Mzee wangu alisimama kila baada ya saa moja, akanywa mafunda machache ya uji au maji, akatafuna matobolwa mawili, akaendelea. Hakunywa lita nzima kwa mkupuo. Kidogo kidogo, akiwa bado hana shida.

Nilimwuliza kwa kuandika kwenye simu: mbona unasimama na hujachoka? Akacheka. "Nikisubiri kuchoka, sitasimama dakika tano. Nitasimama saa nzima kama wewe."

Hapo ndipo nilipoielewa ile Jumatatu yangu. Kuna miezi koo lilikuwa likiwasha nikalinyamazisha kwa tangawizi na kuendelea. Nilisubiri uchovu unilazimishe, nao uliponilazimisha haukunipokonya siku moja, ulinipokonya wiki tatu.

Kwenye kazi, mapumziko si zawadi ya kumaliza kazi. Ni sehemu ya kazi, kama kunywa maji ni sehemu ya safari. Vivyo hivyo akiba ya fedha: haiwekwi mwezi wa shida, kwa sababu mwezi wa shida hakuna cha kuweka. Vivyo hivyo kujifunza: muuguzi anayesoma mwongozo mpya kabla mgonjwa wa aina hiyo hajafika, atakuwa na mikono isiyotetemeka siku mgonjwa akifika.

Tatu: gawa safari kwa vituo, na usifike kabla ya muda

Kuna aina ya safari za baiskeli ambazo si mashindano. Watu hupanda kilomita 200, 300, 400 au 600 kwa muda uliowekwa, na anayemaliza wa kwanza hapati kombe. Maarufu kuliko zote ni ile ya kutoka Paris hadi mji wa Brest na kurudi Paris, nchini Ufaransa. Ilianza mwaka 1891 kama mbio. Siku hizi ni safari ya kilomita 1,200 hivi inayofanyika kila baada ya miaka minne, na muda mrefu zaidi unaoruhusiwa ni saa 90, ukijumlisha kula na kulala.

Mwendeshaji hubeba kadi. Njiani kuna vituo, na kila kituo kadi hupigwa muhuri. Kila kituo kina saa ya kufungwa, ukichelewa umetoka. Lakini kinachonifurahisha ni kwamba kina pia saa ya kufunguliwa. Ukifika mapema mno, unasubiri nje. Aliyetunga kanuni hii aliijua tabia ya binadamu.

Na muda wenyewe si wa kutisha. Kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu. Ukigawanya, ni karibu kilomita 15 kwa saa, ukihesabu na kusimama kwako. Huo ni mwendo wa mtu wa kawaida mwenye baiskeli ya kawaida. Kinachohitajika ni kutoacha kwenda.

Kwa mzee wangu, vituo vilikuwa Maganzo, Hungumalwa tulikolala, Mabuki, Misungwi, Usagara. Hakuwahi kuitaja Mwanza njiani. Alikitaja kituo kinachofuata tu.

Kazi kubwa ikikutisha, itafutie vituo. Karani mwenye ripoti ya mwaka asikae na "ripoti ya mwaka" kichwani. Awe na "Jumatano nimalize hesabu za robo ya kwanza". Na ile saa ya kufunguliwa ikumbuke pia. Mwalimu anayemaliza silabasi mwezi mmoja kabla ya wakati huku nusu ya darasa haijaelewa sehemu, amefika kituoni kabla hakijafunguliwa. Mkulima anayeingiza mahindi ghalani kabla hayajakauka amefika mapema, na fukusi na ukungu watampigia muhuri wao.

Nne: tia mafuta mnyororo ukiwa bado kimya

Jioni pale Hungumalwa, kabla ya kuoga, mzee aliigeuza baiskeli juu chini. Akafuta vumbi kwenye mnyororo kwa kitambaa, akatia mafuta matone machache, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, akazungusha magurudumu kuona kama kuna spoki iliyolegea. Dakika kumi. Mnyororo wake ulikuwa haujapiga kelele safari nzima. Wangu ulikuwa unalia tangu asubuhi, nami nikadhani ndivyo ulivyo.

Mnyororo mkavu wenye mchanga hula nguvu zako kila mzunguko, kisha hula meno ya gia, kisha hukatika, na hukatika penye mlima kwa sababu hapo ndipo unapovutwa sana. Kila kitu huharibika mahali kinapohitajika zaidi.

Kwenye mfuko alikuwa na spana, pampu ndogo, viraka, gundi na tyubu moja. Pancha tulipata moja, yangu, kabla ya Mabuki. Ilitugharimu robo saa. Bila ule mfuko ingekuwa kusukuma baiskeli mpaka tumpate fundi.

Wewe mfuko wako una nini? Seremala, msumeno umenolewa jana au utanolewa mteja akiwa amesimama? Wakala wa fedha kwa simu, betri ya akiba imechajiwa? Mwenye duka, daftari la madeni lina nakala? Mimi siku hizi nikienda kurekodi kijijini nabeba betri za akiba na simu ya pili. Mzee wa kijiji hatarudia kusimulia kwa uchungu uleule kwa sababu tu kinasa sauti changu kilizimika.

Tano: pokezaneni upepo

Siku ya pili upepo ulitoka mbele. Mzee akaniambia nikae karibu na gurudumu lake la nyuma, niache nafasi ya kutosha kufunga breki. Baada ya muda akanipungia nipite mbele. Tukapokezana hivyo mpaka Misungwi.

Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa karibu robo ya nguvu zake, wakati mwingine hata theluthi, kwa sababu wa mbele ameshaipasua hewa. Ndiyo sababu kwenye mbio kubwa timu nzima huweza kufanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja: wengine wanamkinga upepo, wengine wanamletea maji. Jina linaloandikwa ni moja, lakini miguu ilikuwa mingi.

Kazini kuna mtu asiyekubali kukaa nyuma hata siku moja. Funguo zote anazo yeye, namba za wateja anazo yeye, akiumwa ofisi inafungwa. Huyo anajiona shujaa, kumbe anaubeba upepo wa wote, na siku akianguka wote wanaanguka. Nilikuwa yeye. Siku nilipopoteza sauti hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti changu hata kwa majaribio. Leo kijana mmoja anafanya kipindi cha asubuhi kila Alhamisi. Mwanzoni alikosea, tukacheka, sasa baadhi yenu mnampenda kuliko mimi.

Yupo na wa pili, yule anayekaa nyuma siku zote. Naye ajue kwamba wenzake wanaona. Kupokezana maana yake ni zamu.

"Lakini mapumziko ni ya wenye mshahara"

Najua wapo watakaosema hivyo, na hawasemi uongo. Kibarua wa kupakia mizigo akipumzika, sufuria nayo inapumzika. Hata mimi ninayelipwa kwa kipindi naijua hofu hiyo. Sina jibu la kuiondoa, ila nina mambo mawili.

La kwanza, mwenye ajira ajue haki yake, maana wengi hufanya kazi bila kuijua. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kukubali kila saa ya ziada ili uonekane hodari ni kukimbia saa ya kwanza.

La pili, kwa aliyejiajiri au kibarua: mzee hakupumzika siku nzima. Alisimama dakika tano. Kama siku huwezi, tafuta dakika. Kama wiki ina Jumapili, iache walau nusu yake. Mimi niliacha harusi za Jumapili. Kipato kilipungua, nyumbani tukabana, nami sitawaficha kwamba miezi miwili ya mwanzo ilikuwa migumu. Lakini nilipopiga hesabu ya mwaka, harusi nilizoziacha hazikufikia zile wiki tatu nilizokaa bubu pamoja na gharama za matibabu.

Tulivyofika

Tuliingia Mwanza siku ya pili alasiri. Binti yake alitoka nje, akampokea baba yake baiskeli, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kizingiti na kuuliza, "Baba, huyu kijana anaumwa?"

"Haumwi," mzee akajibu. "Alikuwa anajifunza kusimama."

Wiki hii, kabla hujazima taa, jiulize maswali matatu. Mwendo wangu wa leo nitauweza mwezi wa sita? Ni mnyororo gani kwangu umeanza kulia nami najifanya sisikii? Na nikianguka kesho, nani anajua njia?

Ukipata majibu, yalete kwenye kipindi cha asubuhi, kwa kupiga simu au kwa ujumbe mfupi. Ukinikuta mimi, tutazungumza. Ukimkuta kijana wa Alhamisi, mzungumze naye. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma, nakunywa uji.